Wali wa Moto, Yai Bichi: Mwongozo Kamili wa Kifungua Kinywa cha Kijapani

Kwa Kijapani chakula hiki kinaitwa tamago kake gohan. Tamago ni yai, kake ni kumwagia, gohan ni wali. Ukiyaunganisha unapata wali uliomwagiwa yai. Wajapani wengi hufupisha wakasema TKG. Neno gohan lina uzito wake, kwa sababu ni wali na ni mlo pia: kifungua kinywa kinaitwa asagohan, yaani wali wa asubuhi, hata siku ambayo mezani pana mkate na kahawa. Kwa hiyo tangu jina, chakula hiki ni wali kwanza. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaokijaribu huhangaika na yai, wali wakauacha ujipikie wenyewe, kisha wakashangaa kwa nini hawakuonja kile walichosimuliwa.

Mimi nilikila mara ya kwanza Okayama, magharibi mwa Japani, nyumbani kwa mama aliyenipangisha chumba. Asubuhi ya baridi aliniwekea bakuli la wali unaofuka mvuke, yai zima ndani ya kibakuli kidogo, chupa ya soya sosi na supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa na kupondwa. Nikasita. Nimekulia pwani, na neno lililonijia ni shombo, ile harufu inayong'ang'ania kwenye kikombe kilichopigiwa mayai na kikaoshwa kwa haraka. Mama akalisoma hilo usoni pangu. Akalivunja yai langu, akakisogeza kibakuli hadi puani pangu, akaniambia ninuse. Hapakuwa na harufu yoyote. Kiini kilikuwa na rangi ya embe dodo lililoiva, kimetuna, na ute umekizunguka kwa duara nene bila kutapakaa. Tangu siku hiyo, kunusa ndiyo hatua yangu ya kwanza, na nakusihi iwe yako.

Okayama hiyohiyo ndiko alikozaliwa Kishida Ginko mwaka 1833, mwandishi wa habari anayetajwa kuwa ndiye aliyekipenda chakula hiki na kuwahimiza wenzake wakile. Alikozaliwa leo ni ndani ya mji mdogo wa Misaki, na watu husafiri hadi huko kwa ajili ya bakuli la wali na yai tu. Zama zake yai lilikuwa kitu cha gharama. Lilikuja kuwa la kila nyumba katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na sasa Mjapani mmoja hula kwa wastani mayai zaidi ya 300 kwa mwaka.

Yai: soma tarehe kabla ya kitu kingine

Hapa sitapita haraka, maana ndipo penye hatari. Bakteria wa salmonela huingia kwenye yai kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya nje: kinyesi kikigusa ganda, wadudu hupenya kwenye ufa au kwenye vitundu vidogo vya ganda, au huangukia ndani wakati unalivunja. Ya pili ni ya ndani: kuku mwenye ugonjwa kwenye mirija ya uzazi hutaga yai ambalo tayari lina bakteria kabla ganda halijajengeka. Kwa njia hii ya pili kuosha hakusaidii kitu. Unaweza kulisugua yai hadi ling'ae na bado likakulaza kitandani.

Japani wanazishughulikia njia zote mbili. Mayai hupelekwa kwenye vituo vya kupangia na kufungashia, huoshwa kwa maji ya vuguvugu na dawa ya jamii ya klorini, hukaushwa, humulikwa kwa taa kutafuta ufa na damu, hupimwa uzito, kisha hufungwa, mara nyingi kumi kumi. Huku nyuma, mabanda hupimwa salmonela, na baadhi ya wafugaji huchanja kuku wao. Katika uchunguzi mmoja wa mayai zaidi ya 100,000 yaliyokuwa yakiuzwa, salmonela ilikutwa ndani ya mayai 3 tu. Si sifuri, lakini ndiyo sababu bibi wa miaka themanini anakula yai bichi kila asubuhi bila wasiwasi.

Kisha kuna tarehe. Tangu mwaka 1999 mayai ya Japani yanayouzwa kwa kuliwa mabichi lazima yaandikwe siku ya mwisho. Wengi wetu tukiiona tarehe kama hiyo tunafikiri baada ya hapo yai limeoza. Sivyo. Tarehe hiyo inasema: hadi siku hii, likitunzwa kwenye baridi, unaweza kulila bichi, ikishapita, lipike. Hesabu yake inafuata kile kinachotokea ndani ya yai. Yai likiwa jipya, ute wake hauwapi bakteria chakula cha kutosha, wanakaa bila kuongezeka. Kadiri siku zinavyokwenda, na upesi zaidi penye joto, utando unaokizunguka kiini hulegea, virutubisho vya kiini huvujia kwenye ute, na hapo bakteria wachache huanza kuwa wengi. Wauzaji wengi huweka takriban wiki mbili tangu kufungashwa.

Ukiwa dukani Japani, tafuta maandishi haya: 賞味期限. Hiyo ndiyo tarehe, na husomwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Ukiona 生食用, mayai hayo ni ya kuliwa mabichi. Ukiona 加熱加工用, ni ya kupikwa tu. Yarudishe kwenye rafu au yapeleke kwenye kikaango, usiyaguse kwa kazi hii. Usishtuke ukikuta mayai yamepangwa nje ya friji. Maduka mengi hufanya hivyo makusudi, ili yai lisitoke baridini likaingia jotoni, likatoa jasho kwenye ganda. Ila ukifika nyumbani, yaingize kwenye friji chini ya nyuzi joto 10, ndani kabisa na si kwenye mlango unaofunguliwa kila dakika, upande uliochongoka ukitazama chini.

Yai lenye ufa usilile bichi, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele na hata kama umelipasua mwenyewe jana njiani. Ukishalivunja, lile papo hapo. Usipige mayai usiku ili asubuhi uwahi basi.

Wapo ambao chakula hiki si chao, hata wakiwa Tokyo: wajawazito, watoto wadogo, wazee waliodhoofika, wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, na wanaotumia dawa za kushusha kinga. Namtaja peke yake mwenye selimundu, kwa sababu kwetu ni wengi na mara nyingi husahaulika: kwake salmonela inaweza kuingia hadi kwenye mifupa. Kama ni wewe au ni mwanao, soma sehemu ya wali ufurahie, kisha yai lipike.

Wali: hapa ndipo kazi ilipo

Mpishi wa Kiswahili husifiwa kwa wali uliochambuka, kila punje kivyake. Hapa inabidi uiweke sifa hiyo pembeni kwa asubuhi moja. Wali wa Kijapani hutakiwa ushikane, unyanyuke kwa vijiti kwa tonge, na wakati huohuo kila punje ionekane nzima. Si bwabwa wala si bokoboko. Ukiuminya kati ya vidole, punje inabonyea bila kupondeka.

Mchele wenyewe ni wa punje fupi, nene, zinazong'aa. Aina maarufu kuliko zote ni Koshihikari, iliyosajiliwa mwaka 1956, na wa mkoa wa Niigata ndio wenye jina kubwa. Siri ya kushikana ni aina ya wanga: mchele huu una kiasi kidogo cha amilosi, ile sehemu ya wanga inayoufanya mchele wa punje ndefu uchambuke. Ukitumia basmati, yai litateremka lote hadi chini ya bakuli na wali ubaki mkavu juu. Mchele wa Kyela au pishori ya Mwea unakubali zaidi ukiuongezea maji kidogo, ila harufu yake nzuri itagombana na yai. Kwangu mimi mchele huo umeumbwa kwa tui la nazi, uachie kazi yake.

Kwa watu wanne pima gramu 300 za mchele. Wajapani hupima kwa kikombe chao cha mililita 180, kinachobeba gramu 150, kwa hiyo ni vikombe viwili. Mimina maji ya kwanza, koroga mara mbili tatu, yamwage upesi. Mchele mkavu hunywa maji kwa pupa na hutaki unywe yale ya vumbi. Kisha uzungushe kwa vidole vilivyokunjwa, bila kuusaga, ukibadilisha maji mara tatu au nne. Yasiwe meupe kama maziwa, lakini pia usingoje yawe kama ya kisima. Chuja, weka mililita 400 za maji safi, uache uloweke nusu saa; wakati wa baridi, saa nzima. Usiruke hatua hii. Punje isiyolowekwa huiva nje na kubaki na kiini kigumu katikati, na yai litakuumbua, kwa sababu hakuna mchuzi wa kuficha.

Hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna tui.

Sufuria iwe nzito, mfuniko wake ukae sawasawa. Moto wa wastani hadi maji yachemke, kama dakika nane hadi kumi. Ukiona povu linasukuma mfuniko, punguza moto hadi mdogo kabisa, uhesabu dakika kumi hadi kumi na mbili. Zima. Sasa usifunue. Dakika kumi nyingine wali unajimalizia kwa mvuke wake, kama vile tunavyoupalia makaa juu ya mfuniko, tofauti ni kwamba hapa moto umeshazimwa. Ukifunua, chovya mwiko kwenye maji, ukate wali kwa ubavu wa mwiko na uupindue kutoka chini, ili mvuke wa ziada utoke. Ukikuta ukoko mwembamba wa rangi ya hudhurungi chini, una bahati. Weka kipande chake kwenye bakuli lako. Jiko la umeme la kupikia wali hufanya haya yote peke yake, na nyumba nyingi Japani hulitega usiku ili wali uive alfajiri.

Kuchanganya: dakika moja ya umakini

Yai litoe kwenye friji wakati unazima moto wa wali, si mapema zaidi. Dakika hizo kumi zinatosha kulipunguzia baridi lisiupoze wali. Pakua wali mara unapofunuliwa, kama gramu 150 kwa mtu, ujaze bakuli hadi theluthi mbili tu. Bakuli lililojaa halichanganyiki.

Ninafahamu njia tatu na nimezila zote kwa muda mrefu.

Ya kawaida kabisa ni kuvunja yai kwenye kibakuli cha pembeni, ukalinusa, ukatia kijiko cha chai cha soya sosi, ukapiga kwa vijiti mara kumi au kumi na tano, kisha ukamwaga juu ya wali. Faida yake ni kwamba yai baya unaliona kabla halijaharibu wali. Ukiona uzi mweupe uliojisokota kando ya kiini, usiogope, ni kamba inayokishikilia kiini katikati, na ukiwa mnene ni dalili ya yai jipya. Wapo wanaoutoa kwa vijiti kwa sababu ya ulaini wake wa kuteleza; mimi nauacha.

Ya pili ni kuchimba kishimo katikati ya wali, kuvunja yai humo moja kwa moja, kutia soya sosi na kukoroga. Ni ya mwenye haraka.

Ya tatu ndiyo alinifundisha yule mama, na ndiyo ninayokushauri uanze nayo ikiwa unaogopa ute. Tenganisha kiini na ute. Ute peke yake utie kwenye wali wa moto na uukoroge kwa nguvu, ukiinua wali juu na kuuangusha, nusu dakika nzima. Utaona ute unapotea: kwanza wali unang'aa kwa unyevu, kisha unaanza kubadilika rangi kuwa mweupe zaidi, halafu unaumuka, povu dogo linakamata punje, na ule mtelezo unaokukera unatoweka kabisa. Hapo weka kiini juu, kikiwa kizima. Tone la soya sosi kando yake. Unakipasua kwa ncha ya vijiti na kukila pamoja na wali kidogo kidogo, kila tonge likiwa na kiasi chake cha kiini. Ladha inakuwa nzito, ya mafuta, tamu kwa mbali, na haina shombo hata kidogo.

Hapa niondoe dhana moja. Wengi husema joto la wali linaliivisha yai na kuua wadudu. Haliui. Gramu 150 za wali wenye nyuzi joto 80, zikichanganywa na gramu 50 za yai kutoka baridini, hushuka hadi karibu nyuzi 60, na zinaendelea kupoa kwa sababu bakuli nalo linakula joto. Ili uwe salama kwa yai usilolijua, linatakiwa lifike nyuzi 71. Joto la wali kazi yake ni kuuzuia ute usiteleze na kuamsha ladha ya kiini. Usalama umeshaamuliwa bandani na kwenye friji.

Ukila, shika bakuli kwa mkono wa kushoto, ulilete karibu na mdomo, usukume wali kwa vijiti. Si utovu wa adabu, ndivyo kinavyoliwa. Usichomeke vijiti vikasimama kwenye wali, maana hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyowekwa. Kabla ya tonge la kwanza wenyeji husema itadakimasu, napokea.

Soya sosi na vya kunyunyizia

Kijiko cha chai cha soya sosi ya kawaida kina karibu gramu moja ya chumvi, kwa hiyo anza na nusu. Zipo soya sosi zilizotengenezwa kwa ajili ya wali na yai tu. Ile iliyovuma ilitoka kijiji cha Yoshida, sasa ndani ya mji wa Unnan mkoani Shimane, mwaka 2002. Inaitwa Otamahan, na ina ladha mbili, ya watu wa mashariki na ya watu wa magharibi ambayo ni tamu zaidi. Mwaka 2005 mji huo uliandaa kongamano la wali na yai, na tangu hapo tarehe 30 Oktoba ni siku ya chakula hiki.

Kwa Mwislamu, soma kibandiko. Soya sosi hupata alikoholi kidogo katika kuchachuka kwake, na baadhi ya watengenezaji huongeza nyingine ili isiharibike. Zile tamu za kumwagia yai mara nyingi zina mirin, ambayo ni kileo cha mchele. Japani zipo soya sosi zenye alama ya halali. Ukiwa nayo, tengeneza utamu wako: chemsha vijiko vinne vya maji na konzi ya vipande vya katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mgumu kama gogo, kisha akaparwa. Chuja, tia nusu kijiko cha sukari, changanya na soya sosi kiasi hichohicho.

Vipande hivyo vya samaki ndivyo vinavyoufaa wali huu kuliko kitu chochote kingine. Vikigusana na mvuke vinajikunjakunja vyenyewe. Vitunguu vya majani vilivyokatwa laini, ufuta uliokaangwa, vidagaa vichanga vyeupe viitwavyo shirasu, au nori iliyochanwa kwa vidole, vyote vinakubalika. Nori ni mwani, ingawa si ule unaolimwa Paje na Jambiani. Ule wa Zanzibar ni wa aina nyingine na wengi huishia viwandani. Natto, soya iliyochachuka inayovuta nyuzi, wengine huiapia. Ianze siku nyingine. Weka kimoja au viwili, si vyote.

Ukiwa nje ya Japani

Nchini Uingereza, mayai yenye mhuri mwekundu wa simba hutoka kwa kuku waliochanjwa salmonela, mpango ulioanza mwaka 1998. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya huko ilitangaza kuwa hata wajawazito, watoto na wazee wanaweza kuyala yakiwa mabichi. Aliye na kinga dhaifu sana bado hakuruhusiwa. Marekani mayai huoshwa na kuwekwa baridini, lakini ushauri rasmi unabaki kuwa yapikwe, isipokuwa yale yaliyopashwa joto ndani ya ganda lake, ambayo baadhi ya maduka huuza. Hong Kong na Singapore utapata mayai yaliyosafirishwa kutoka Japani.

Dar es Salaam, Mombasa, Kampala au Bujumbura, msimamo wangu ni mmoja: usile bichi. Trei ya mayai 30 iliyokaa kibarazani pa duka kwenye joto la nyuzi 30, bila tarehe na bila historia ya banda, haiwezi kukupa uhakika huo, na la kienyeji halina kinga ya pekee kwa sababu ni la kienyeji. Mwenye kifaa cha umeme kinachoshikilia joto la maji bila kuyumba anaweza kuyaweka mayai kwenye nyuzi 57 kwa dakika 75, yakatoka yakiwa bado majimaji. Kwa sufuria na kukisia, usijaribu.

Asiye na kifaa afanye hivi: pika wali kama nilivyoeleza, vuruga yai kwenye kikaango kwa moto mdogo hadi lishikane lote bila kukauka, liweke juu ya wali likiwa la moto, tia soya sosi na vitunguu vya majani. Si chakula kilekile, ila ni kitamu, na tumbo litalinyonya vizuri zaidi: utafiti wa Ubelgiji wa mwaka 1998 ulikuta mwili ulifyonza kama asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa na asilimia 51 tu ya lililo bichi. Ukila bichi, popote pale, kisha ukapata homa, msokoto wa tumbo na kuharisha ndani ya siku tatu, anza maji ya chumvi na sukari ya hospitali mapema, na umwambie daktari ulichokula.

Baada ya kula, bakuli lisuuze kwa maji ya baridi kwanza, kisha ndipo sabuni na maji ya moto. Ukianza na ya moto, yai linagandia kwenye bakuli, na hapo ndipo shombo linapozaliwa.